Kikombe cha Kuku, Sahani ya Mapichi na Mtungi wa Mfalme

Siku moja baada ya mafundisho tuliweka mezani kitabu cha picha kilichomo katika maktaba ya parokia yetu. Ni kitabu cha vyombo vya kauri vya wafalme wa Uchina. Tulifungua kurasa tatu, tukawauliza waliokuwapo: «Kati ya vyombo hivi vitatu, kipi ni kizuri kupita vingine?» Cha kwanza kilikuwa kikombe kidogo chenye picha ya kuku. Cha pili kilikuwa sahani nyeupe yenye tawi la matunda. Cha tatu kilikuwa mtungi mkubwa wenye rangi za kila namna na dhahabu tele. Karibu wote walinyosha kidole kwenye mtungi. Sisi tukasema: hapana. Wakacheka, wakasema mwalimu anapenda vitu vya maskini. Basi tuliwaahidi kuandika sababu zetu, nazo ndizo hizi.

Kwanza tujue kauri ni kitu gani. Katika lugha yetu neno hili lina maana mbili. Ni jina la simbi, lile gamba jeupe la baharini ambalo wazee walilitumia kama fedha. Tena ni jina la chombo cheupe kinachong'aa kama gamba hilo. Waitalia nao walifanya vivyo hivyo: jina lao la chombo, porcellana, ni jina la gamba lile lile. Chombo hicho hufinyangwa kwa udongo mweupe uitwao kaolini. Jina hilo limetoka katika kilima cha Gaoling, karibu na mji wa Jingdezhen, katika jimbo la Jiangxi. Udongo huo huchanganywa na jiwe laini lililosagwa, kisha chombo huchomwa katika moto wa digrii 1300 hivi. Kikitoka ni kigumu, kikigongwa hulia kama kengele ndogo, na kikiwa chembamba mwanga hupita ndani yake.

Na rangi je? Rangi huingia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuchora juu ya udongo mbichi, kisha kuufunika kwa maji ya kioo, na kuuchoma mara moja katika moto mkali. Lakini moto ule hula rangi karibu zote. Inayouvumilia vizuri kupita nyingine ni ya bluu, itokayo katika madini ya kobalti. Njia ya pili ni hii: fundi husaga kioo chenye madini mpaka kiwe vumbi, hulichanganya vumbi hilo na mafuta au maji ya gundi, huchora nalo juu ya chombo kilichokwisha kuchomwa, kisha hukirudisha katika tanuru ndogo yenye moto mpole zaidi, digrii 800 hivi. Vumbi huyeyuka, hushikamana na chombo, na kuwa kioo tena. Hizo ndizo tutakazoziita rangi za kioo. Shaba hutoa kijani, chuma hutoa nyekundu, dhahabu hutoa rangi ya waridi.

Wasomaji wa Katanga watatabasamu hapa, kwa sababu kobalti na shaba wanazijua. Zinachimbwa Kolwezi na Likasi. Kobalti ya mafundi wale haikutoka kwetu. Nyingine ilitoka Uajemi, nyingine katika nchi yao wenyewe. Lakini ni madini yale yale. Kile ambacho sisi tunakiona kimebebwa na malori, wao walikitia katika ncha ya burashi.

Sasa tutazame kikombe cha kuku. Kilifanywa wakati wa mfalme Chenghua, ambaye alama yake huwekwa kati ya miaka 1465 na 1487. Ni kidogo sana: upana wake ni sentimeta 8 hivi, chaenea katika kiganja. Juu yake kuna jogoo, kuku jike na vifaranga vyao. Kuna jiwe la bustani na maua. Basi, hakuna zaidi. Fundi alichora mistari myembamba ya bluu kwanza, chombo kikaingia katika moto mkali; kisha akajaza nyekundu, kijani na njano ndani ya mistari ile, kikaingia katika moto wa pili. Bluu iko chini ya kioo, rangi nyingine ziko juu yake, nazo zinakutana kama mkono na glovu yake. Wachina huita kazi hiyo doucai, yaani rangi zinazokutana au kushindana.

Kwa nini kuku? Hapa yatupasa kujua desturi moja ya Wachina. Kwao picha juu ya chombo si pambo tupu. Ni neno la heri. Tena mara nyingi heri hiyo imefichwa katika sauti ya jina. Kuku huitwa ji, na sauti hiyo inakaribia neno la bahati njema. Popo huitwa fu, na fu tena ni baraka. Samaki huitwa yu, na yu tena ni wingi unaobaki baada ya kutosheka. Ni kama mtu wa kwetu angechora paa, yule mnyama wa porini, juu ya zawadi ya bwana arusi, akimtakia paa la nyumba imara. Asiyejua lugha ataona mnyama tu. Anayejua atasikia sala.

Basi kikombe hiki chasema neno moja: heri ya nyumba. Baba, mama na watoto wanadonoa chini, na mama kuku anawaonyesha wadogo chakula. Weupe wa kauri umebaki wazi kuwazunguka kama uwanja uliofagiwa asubuhi. Mwaka 2014, kikombe kimoja cha namna hii kiliuzwa Hong Kong kwa dola za huko zaidi ya milioni 281, na aliyekinunua akanywa chai ndani yake. Watu walishangaa. Sisi hatutaki bei iwe hakimu wetu. Lakini kunywa chai ndani yake hakukuwa kosa: kikombe kile kilifanywa kwa kinywaji, nacho hakikusahau kwamba ni kikombe.

Tuje kwenye sahani. Kabla ya kuifikia lazima tusimulie jinsi rangi ya waridi ilivyofika, kwa maana katika habari hiyo wamo wamisionari.

Mfalme Kangxi, aliyetawala mpaka mwaka 1722, aliletewa kutoka Ulaya vitu vidogo vya shaba vilivyopakwa rangi za kioo. Akavipenda, akataka mafundi wake wajue kazi hiyo. Mwaka 1716 aliwaamuru Padri Matteo Ripa na Bruda Giuseppe Castiglione wa Shirika la Yezu wachore kwa rangi hizo. Padri Ripa mwenyewe ameandika kwamba hawakuwa wamejifunza kazi hiyo, wala hawakutaka kufungwa ikulu toka asubuhi mpaka jioni kwa ajili yake. Basi walichora vibaya makusudi, mpaka mfalme alipoona kazi yao akasema yatosha. Mwaka 1719 akafika Mjesuiti mwingine, Mfaransa Jean-Baptiste Gravereau, ambaye alikuwa fundi wa kweli wa kazi hiyo.

Lakini tusiseme kwamba Wazungu walifanya yote. Mafundi wa Canton walikuwa wamekwisha kuitwa Beijing, na wale wa ikulu walijaribu siku kwa siku. Mwaka 1728, wakati wa mfalme Yongzheng, vitabu vya karakana ya ikulu viliandika majina ya rangi zilizotengenezwa papo hapo, kando ya zile zilizotoka ng'ambo. Mgeni alileta mbegu, wenyeji walilima shamba. Wachina wenyewe hawakuona haya kuzitaja: baadhi ya rangi hizo waliziita yangcai, yaani rangi za ng'ambo. Wafaransa baadaye waliziita ukoo wa waridi, kwa sababu ya ile rangi ya dhahabu.

Na siri yake si waridi peke yake. Siri ni nyeupe. Zamani rangi za kioo zilikuwa kama vioo vya dirisha la kanisa: kijani ni kijani, njano ni njano. Sasa mafundi walipata nyeupe nzito isiyopitisha mwanga, yenye aseniki ndani yake. Wakiichanganya na waridi, waridi hupauka kidogo kidogo. Ndipo walipoweza kuchora shavu la tunda linaloiva.

Hilo ndilo tunaloliona katika sahani ya mapichi ya enzi ya Yongzheng, kati ya mwaka 1723 na 1735. Pichi ni tunda laini lenye manyoya membamba, na kwa Wachina ni alama ya maisha marefu. Hadithi zao zasimulia mti wa mbinguni unaozaa mara moja katika miaka 3000. Juu ya sahani hizo mara nyingi yako mapichi 8 na popo wekundu 5: maisha marefu na baraka tano.

Ndugu msomaji, shika sahani hiyo katika mawazo yako, uigeuze. Shina la mti linaanza nje, karibu na kitako. Linapanda pembeni, linafika ukingoni. Ungedhani fundi atakomea hapo, kwa sababu sahani imekwisha. Kumbe sivyo! Tawi linavuka ukingo, linaingia ndani, na huko linachanua na kuzaa. Wachina hulifananisha na tawi linalopita juu ya ukuta wa jirani. Matunda yamepakwa kwa nukta ndogo ndogo za burashi, waridi ikififia mpaka kijani hafifu, hata unatamani kuligusa tunda. Na sehemu kubwa ya sahani haina kitu. Ni nyeupe tupu. Lakini weupe huo haukubaki kwa uvivu. Ndio hewa ambamo popo wanaruka. Uufute weupe, na popo hawana pa kwenda.

Hapa tunaiona sheria ambayo tutaishika mpaka mwisho: pambo jema huanza na umbo la chombo na kulitii. Kikombe ni duara, basi kuku wanatembea kukizunguka. Sahani ina nje na ndani, basi tawi linaviunganisha. Ondoa picha ile, uiweke juu ya karatasi, nayo itapoteza nusu ya akili yake.

Sasa mtungi. Tuutendee haki, maana si kazi ya mchezo. Umehifadhiwa katika makumbusho ya Jumba la Kifalme huko Beijing. Ulifanywa kwa mfalme Qianlong, aliyetawala toka mwaka 1736 hata 1795. Kimo chake ni sentimeta 86.4. Kutoka mdomoni hata kitakoni una namna 17 za rangi na maji ya kioo, mkanda juu ya mkanda: bluu ya kobalti, kijani kibichi kama majani, madoa kama ya moto, rangi zilizoiga vyombo vya zamani vya enzi ya Song, zambarau na dhahabu. Tumboni kuna madirisha 12 yenye picha. Katika moja kuna kondoo watatu, katika jingine tembo, katika jingine majumba ya watakatifu wa hadithi zao milimani. Na kila picha ina neno lake la heri.

Mtu asiyejua kazi ataona wingi tu. Anayejua ataogopa. Rangi hizi haziishi katika moto mmoja. Zile za moto mkali lazima zitangulie, zile za moto mpole zifuate, na dhahabu baadaye. Mtungi ukipasuka katika moto wa mwisho, kazi ya mioto yote iliyotangulia imepotea. Msimamizi mkuu wa tanuru za mfalme katika nyakati zile alikuwa Tang Ying, aliyeanza kazi Jingdezhen mwaka 1728. Mtu huyo mwenyewe ameandika kwamba alipofika hakujua kitu, basi alifunga mlango kwa wageni, akala na kulala pamoja na wafanyakazi miaka 3 mpaka akajua. Tunamheshimu sana. Kama mtungi ni mtihani wa ufundi, aliyeufanya amepata alama zote.

Lakini swali letu lilikuwa uzuri, wala si mtihani. Tazameni tena. Jicho likianza mdomoni, mkanda wa kwanza unaita: «Nitazame!» Kabla halijatazama, wa pili unaita, na wa tatu. Tembo anatutakia amani, kondoo wanatutakia mwaka mwema, popo wanatutakia baraka, na wote wanasema kwa wakati mmoja kama watu wa sokoni. Ni maneno mazuri, lakini hakuna linalosikika. Na umbo la mtungi limekwenda wapi? Limekuwa rafu ya kuwekea mikanda. Neno moja tu latoka waziwazi, nalo si baraka kwa anayetazama. Ni hili: mwenye mtungi huu aweza yote.

Msomaji atatujibu: «Hayo ni mapenzi yenu ninyi. Wengine wanapenda wingi.» Ni kweli kwamba watu hawapatani. Hata Uchina kwenyewe, mtungi huu ulipoonyeshwa katika televisheni mwaka 2017, walibishana: hawa wakiusifu, hawa wakiucheka. Lakini tunaye shahidi ambaye hamtamkataa, naye ni Qianlong mwenyewe. Mwaka 1776 alitunga shairi juu ya kikombe cha kuku cha Chenghua, akaagiza liandikwe juu ya vikombe vipya. Mwenye mtungi wa rangi 17 alikuwa na hazina zote za ikulu mbele yake, na hata hivyo moyo wake ulirudi kwenye kuku wale wadogo. Hatusemi hakuupenda mtungi. Twasema alijua kwamba kuna kitu ambacho wingi haukumpa.

Jibu la pili ni zito zaidi, nalo lilitolewa na kijana mmoja siku ile. Alisema: «Mwalimu, ukiudharau mtungi unadharau jasho la waliofanya kazi.» Tulinyamaza kidogo. Kisha tulimsomea habari za Padri François Xavier d'Entrecolles.

Padri huyo wa Shirika la Yezu alikuwa na kanisa Jingdezhen, na wakristu wake wengine walikuwa wafanyakazi wa kauri. Mwaka 1712 na tena mwaka 1722 aliandika barua ndefu juu ya kazi yao. Anasema usiku moto wa matanuru ulifanya mji uonekane kama unawaka wote. Anasema, kwa kufuata maneno ya wenyeji, kwamba chombo kimoja hupita katika mikono ya watu 70. Mmoja huchora duara la ukingoni tu. Mwingine huchora ua na mwingine hulipaka. Huyu kazi yake ni milima na maji, yule ndege na wanyama. Anasimulia pia hadithi ya mfanyakazi wa zamani: mfalme aliagiza vyombo visivyowezekana, mafundi wakapigwa, na mtu yule akajitupa ndani ya tanuru kwa kukata tamaa. Wenyeji walimheshimu baadaye kama mungu wa matanuru.

Na kuna sentensi moja katika barua hizo ambayo hatuwezi kuisahau. Padri anasema kwamba katika mji ule hata viwete na vipofu walipata chakula chao, kwa maana kazi yao ilikuwa kusaga rangi. Wasomaji, fikirini kidogo. Rangi hizi tunazozibishania zilisagwa na watu wasioziona. Kijani ya jani na nyekundu ya popo zilipita chini ya mikono ya mtu ambaye kwake zilikuwa vumbi tu, zuri likiwa laini, baya likiwa na chenga.

Basi tulimjibu kijana hivi. Jasho la mtungi na jasho la sahani ni jasho moja, la watu wale wale. Hatuwezi kulidharau. Lakini ndiyo sababu tunauliza limetumika kwa nini. Katika mtungi, jasho la mikono mingi lilikusanywa ili mtu mmoja aonekane mkuu. Katika sahani, jasho lile lilijificha ili tunda lionekane limeiva. Kipofu alisaga rangi vema, mwenye burashi akaitumia vema, na aliyeipokea sahani alitakiwa maisha marefu. Hakuna hata mmoja aliyepiga kelele. Hiyo ndiyo heshima kubwa kwa kazi ya mtu: kuitumia pale inapohitajika, na kuiacha pale isipohitajika.

Tusiwalaumu mno waliouchagua mtungi. Jicho lisilofundishwa hukimbilia kinachong'aa, na hata macho ya matajiri hukosa. Mtungi mmoja mdogo wa enzi ya Yongzheng, wenye mapichi na popo kama sahani yetu, ulikaa miaka mingi katika nyumba moja ya Marekani ukiwa mguu wa taa. Ulipouzwa Hong Kong mwaka 2002 ulipata dola za huko zaidi ya milioni 41. Baraka zilikuwa pale kila jioni, zikiangaziwa na taa, wala hapakuwa na wa kuzisoma.

Nasi tuna nafasi ya kujifunza bila kwenda Beijing. Katika masoko yetu yamo mabeseni ya chuma yaliyotoka Uchina, yenye ua kubwa jekundu au samaki wawili. Samaki wale ni yu yule yule; ua lile ni peoni, ua la utajiri na heshima. Na weupe wa beseni nao ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma. Mama akinunua beseni la kuogeshea mtoto, ananunua pia salamu ya zamani sana. Na atazame: samaki wamezunguka pamoja na beseni, au wamebandikwa tu?

Siku ile alikuwapo pia mama mmoja mzee, mfinyanzi, ambaye vyungu vyake twavipikia katika vijiji vyetu. Alikuwa amekaa kimya nyuma. Wenzake walipomaliza kuusifu mtungi alikivuta kitabu karibu, akatazama picha zote tatu kwa muda mrefu. Akauliza swali moja tu: «Mwalimu, huu uliingia motoni mara ngapi?» Tukamwambia: mara nyingi. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayesikia habari za msiba wa jirani. Kisha aliweka kidole chake juu ya sahani, pale tawi linapovuka ukingo, akakipitisha polepole kutoka nje kuingia ndani.

«Huyu,» akasema, «alikuwa anakishika chombo alipokuwa anachora.»